Fahamu: Bill Withers ni nani?

Bill Withers alikuwa mwimbaji na mtunzi wa muziki wa soul kutoka Marekani, mwenye nyimbo "Ain't No Sunshine" na "Lean on Me". Alifariki 30 Machi 2020 akiwa na miaka 81.

Alitokea wapi?

Alizaliwa 1938 Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, akakua na kigugumizi. Alitumikia jeshi la wanamaji miaka 9, kisha akaingia kiwandani kutengeneza vifaa vya ndege. Tazama jalada la albamu yake ya kwanza, ya 1971: amesimama nje ya kiwanda, kisanduku cha chakula mkononi. Alikuwa na miaka 32, umri ambao wengi huona wamechelewa.

Na Afrika?

Septemba 1974 aliimba Kinshasa, kwenye tamasha lililotangulia pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman. Aliketi peke yake na gitaa, akaimba taratibu. Kwangu mimi, huyo ndiye Withers halisi.

Kwa nini aliacha muziki?

Alichoshwa na wakubwa wa studio waliotaka kumpangia muziki. Baada ya 1985 hakutoa tena albamu, ingawa tuzo zake za Grammy zilifika 3.