Nikaha Haikuzuia Kalenda

Ajizi ni nyumba ya njaa. Mimi niliionja njaa hiyo Sydney, Australia. Viza yangu ya masomo ilikwisha nami ningali nashughulika na nikaha, nikidhani cheti cha ndoa kitatosha.

Kumbe sivyo. Anayeomba viza ya mwenzi akiwa nchini humo bila viza kamili hupewa siku 28 tangu ile ya mwisho kukoma, na hata humo lazima aeleze kilichomzuia. Viza ya kungojea haihesabiwi kuwa kamili. Mimi nilifika siku ya 40. Ikanibidi nioneshe sababu nzito za kusamehewa sharti hilo.

Viza ya kungojea niliyopewa ilininyima ruhusa ya kazi. Mke wangu, mja mzito, ndiye aliyenilisha. Mama akipiga simu kutoka Mombasa kuuliza, "Kazi waendeleaje, mwanangu?" nilibadili maneno.

Mimba hiyo ilikuja baada ya ombi. Lakini mwaka 2016 mahakama ya huko iliamua kuwa sababu zilizozuka baadaye nazo zitazamwe. Alhamdulillahi, nilisamehewa. Nawe kijana uliye ughaibuni, usingoje huruma: hesabu siku zako mapema.