Asili ya Jina la Walker, Maana Yake na Sababu za Kuenea Kwake

Miongoni mwa majina ya ukoo ya Waingereza, ni machache yanayofasiriwa vibaya mara nyingi kama jina la Walker. Mtu ajuaye Kiingereza cha leo huliona ndani yake tendo la "walk", yaani kwenda kwa miguu, na mwishoni kiambishi "-er", ambacho kazi yake yalingana na ile ya m- na -ji katika maneno kama mchezaji na msomaji. Basi hukata shauri kuwa maana yake ni mtembeaji. Wengine, waliokwisha sikia habari za kazi za kale, husema kuwa aliitwa hivyo kwa sababu alitembea juu ya nguo. Rai ya kwanza si sahihi kabisa. Ya pili imeifikia kazi yenyewe, walakini imeifikia kwa njia isiyo yake. Tofauti hiyo yafaa kuelezwa, kwa kuwa yahusu kanuni ambayo kila mtunga kamusi na kila mfasiri huihitaji.

Kwanza yapasa kuifahamu kazi. Nguo ya sufu itokapo kwa mfumi huwa imelegea, ina mafuta ya manyoya ya kondoo, na nyuzi zake zaonekana moja moja. Ili ifae kuvaliwa katika nchi ya baridi, sharti iloweshwe na kupondwapondwa mpaka nyuzi zishikane, nguo ipungue upana na kuwa nzito. Zamani nguo ilitiwa katika birika pamoja na mkojo uliovunda au udongo maalumu wenye kunyonya mafuta, kisha watu wakaikanyaga kwa miguu saa nyingi. Baada ya hapo ilisuuzwa, ikavutwa na kuwambwa ili ikauke bila kujikunja.

Mwenye kazi hiyo katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1066, aliitwa "wealcere". Jina hili limetokana na tendo "wealcan", ambalo maana yake ilikuwa kuviringisha, kugeuzageuza au kurushwarushwa, kama mawimbi yanavyofanya. Maana ya kwenda kwa miguu ilienea baadaye, tangu mnamo karne ya 13. Kwa hiyo mtu huyu hakuitwa Walker kwa kuwa alitembea juu ya nguo. Aliitwa hivyo kwa kuwa aliigeuzageuza na kuisukasuka, na jina la kazi yake lilikwisha kuwapo kabla tendo hilo halijapata maana ya kutembea. Ushahidi mwingine umo katika Kijerumani, lugha iliyo ndugu ya Kiingereza. Humo tendo "walken" hata leo ni kuipondaponda nguo ya sufu, wala si kutembea. Lugha mbili zilirithi neno moja. Moja imeihifadhi maana ya kazi, na ya pili imeihamishia kwenye mwendo wa miguu.

Walakini si kila mahali katika Uingereza fundi huyu aliitwa kwa jina hilo. Kusini-mashariki na mashariki, katika majimbo kama Sussex, Kent na Suffolk, neno lililoshika ni "fuller", ambalo asili yake ni Kilatini "fullo", na ambalo Kifaransa cha Wanormani kililitia nguvu. Kusini-magharibi, hususan Devon na Somerset, aliitwa "tucker", kutokana na tendo la kale "tucian" lililokuwa na maana ya kutesa, kisha likatumika kwa kuivuta na kuinyosha nguo. Kaskazini na katika Uskoti, pamoja na sehemu za magharibi ya kati, neno lilikuwa "walker". Hivyo kazi moja imezaa majina matatu ya ukoo: Fuller, Tucker na Walker. Mahali ambapo majina hayo yalikaa kwa wingi huonyesha mipaka ya lahaja za zama za kati, na ramani yake yaweza kuchorwa kwa majina ya watu tu. Majina ya mahali pia yashuhudia. Katika Cornwall kipo kijiji cha Tuckingmill. Katika Exeter jumba la chama cha wafumi na mafundi wa nguo, lililojengwa mwaka 1471, laitwa Tuckers Hall. Na katika Lancashire kipo kijiji cha Walk Mill.

Majina hayo ya mahali yataja kinu, na hapa pana jambo jingine la kuangaliwa. Vinu vya maji vyenye nyundo za mti za kuipondea nguo vilianza kuandikwa katika hati za Uingereza mwaka 1185, na vikaenea sana katika karne ya 13. Miguu ya watu ikapumzishwa, lakini jina la kazi halikubadilika. Basi wengi waliopewa jina la Walker katika karne ya 13 na ya 14, wakati majina ya kazi yalipokuwa yakigeuka kuwa majina ya kurithiwa na watoto, huenda walisimamia gurudumu na nyundo, wala hawakukanyaga nguo hata siku moja.

Kuenea kwa jina hili kwaelezwa zaidi na historia ya mahali kuliko wingi wa mafundi wenyewe. Yorkshire na Lancashire zilikuwa nchi za nguo, na katika karne ya 18 na ya 19, viwanda vilipozidi, idadi ya watu wake iliongezeka kwa haraka. Jina lililokuwa la kaskazini likakua pamoja na kaskazini, nalo sasa limo katika majina ya ukoo yaliyo mengi sana Uingereza, likiwapita Fuller na Tucker kwa mbali.

Katika Marekani jina hili limo katika majina arobaini ya kwanza kwa wingi, na huko latufunza kuwa asili ya jina si asili ya mwenye jina. Lachukuliwa na Wamarekani wengi wenye asili ya Afrika, ambao wazee wao waliingizwa katika majina ya Kiingereza kwa njia ya utumwa, au waliyachagua wenyewe baada ya utumwa kufutwa mwaka 1865. David Walker alitoa kitabu chake cha kuupinga utumwa katika Boston mwaka 1829. Madam C. J. Walker, tajiri wa mafuta ya nywele, alizaliwa Sarah Breedlove mwaka 1867, akalipata jina la Walker kwa ndoa mwaka 1906. Hata katika Uingereza yenyewe yafaa tahadhari: mtaa wa Walker katika Newcastle upon Tyne hauhusiani na nguo. Jina lake latokana na maneno mawili yenye maana ya ukuta na bwawa, kwa sababu ulikuwa penye kinamasi karibu na ukuta wa Warumi, na baadhi ya watu yamkini walipata jina lao hapo.

Kiswahili hakina neno la kazi hii, kwa kuwa pwani ya Afrika ya Mashariki huvaa pamba, nayo pamba haihitaji kukanyagwa hivyo. Katika Marko 9:3, mahali ambapo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina "fuller", Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 ina dobi, neno lililotoka Bara Hindi. Hapo dobi yafaa, maana linalosemwa ni weupe wa nguo. Lakini mwenye kueleza jina la Walker hawezi kuishia kwenye dobi, wala kwenye mtembeaji. Hana budi kueleza kazi kwa maneno kadhaa. Neno lililomo ndani ya jina la ukoo hubaki na maana iliyokuwa siku lilipotolewa, hata kama wenzake katika lugha wamekwisha kwenda mbali. Kwa hiyo fasiri ya jina haitoki katika kamusi ya leo. Yataka kwanza kujua jina lilitolewa lini, mahali gani na katika lahaja ipi, ndipo kuuliza lilikuwa na maana gani.