Rangi ya Moto wa Gesi Kishushe

Ukifagia nyumba Kishushe wakati wa kiangazi huku chai iko jikoni, tazama moto wa gesi. Ulikuwa wa buluu. Vumbi likishanyanyuka, ndimi zake zinametameta rangi ya chungwa. Vumbi likitua, ubuluu unarudi. Gesi haijaharibika.

Udongo wa huku ni mwekundu kwa wingi wa chuma, na machimbo ya chuma yapo hapa hapa. Vumbi hubeba pia sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi tunayopikia. Chembe zikipita motoni hupata joto hadi zikang'aa zenyewe, na sodiamu hutoa mwanga wa manjano mkali kiasi kwamba chembe kidogo tu huufunika ubuluu. Maharagwe yenye chumvi yakifurika na kumwagikia meko, utaiona rangi hiyo hiyo.

Kule Heidelberg, Ujerumani, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff waliupitisha mwanga wa ndimi kama hizo kwenye kioo cha pembetatu, wakaona kwamba kila elementi ina mistari yake ya rangi. Kwa mistari hiyo waligundua elementi mbili ambazo hazikuwa zikijulikana: sesiamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861. Kirchhoff alipochunguza mwanga wa jua, akatambua kwamba huko nako kuna sodiamu.

Lakini kuna manjano ya aina nyingine, na hayo ndiyo yanayonitia hofu. Gesi ya mtungi ni propani na butani, yaani kaboni na haidrojeni. Meko huvuta hewa kupitia matundu ya pembeni, ikachanganyika na gesi kabla ya kuwaka. Matundu yakizibwa na vumbi, mafuta au utando wa buibui, hewa inapungua, na kaboni isiyoungua inang'aa manjano kisha inaganda chini ya sufuria kama masizi. Hapo ndipo kaboni monoksaidi inapoweza kuzalishwa. Haina rangi wala harufu. Ile harufu kali tuliyoizoea hutiwa kwenye gesi ili tujue inavuja. Ikishawaka haituonyi chochote. Kaboni monoksaidi hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Kwa hiyo geuza sufuria. Rangi ya vumbi hupita upesi na haiachi weusi. Moto wa kukosa hewa hubaki manjano, hurefuka, huyumbayumba, na sufuria inatoka nyeusi. Ukiuona huo, zima, funga mtungi, meko yakipoa yasugue kwa brashi kavu, matundu ya pembeni yasisahaulike. Yakiendelea vivyo hivyo, usipikie, mpelekee fundi. Na mtu akiumwa kichwa, akapata kizunguzungu au kichefuchefu jikoni, zima moto, mtoe nje apate hewa, kisha mfikishe hospitali.