Melatonini na Ulinzi wa Seli za Ubongo (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ilielezwa jinsi seli za neva zinavyopashana habari kwa kutumia dopamini, kemikali inayohusika na mwendo wa viungo, ari ya kutenda na hisia ya raha. Sehemu hii inaeleza namna methamfetamini inavyoigeuza kemikali hiyo kuwa sumu, na namna homoni ya melatonini inavyoweza kupunguza madhara yake.

Kwa kawaida dopamini huhifadhiwa katika vifuko vidogo mno vilivyomo kwenye ncha ya seli, na ikiwa humo haidhuru kitu. Methamfetamini, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza na mwanakemia Mjapani Nagai Nagayoshi mwaka 1893, huingia kwa mlango uleule unaoirudishia seli dopamini iliyokwisha kutumika, kisha huitoa dopamini vifukoni. Nyingine hufurika nje ya seli, na hapo ndipo mtumiaji huhisi msisimko. Inayobaki ndani huungana na oksijeni na kuzaa molekuli kali zilizopungukiwa elektroni, ambazo hunyang'anya elektroni za protini, za DNA na za mafuta yanayounda utando wa seli. Mitokondria, yaani sehemu zinazoipatia seli nishati, nazo huharibika, huku joto la mwili lililopandishwa na dawa hiyo likizidisha madhara. Kwa seli hizi, kikulacho ki nguoni mwako.

Melatonini hutolewa gizani na tezi ya pinea, iliyomo katikati ya ubongo na inayokaribia ukubwa wa punje ya mchele. Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, aliitenga mwaka 1958 kutoka katika tezi za ng'ombe alipokuwa akitafuta kinachobadili rangi ya ngozi. Baadaye ilijulikana zaidi kuwa homoni ya usingizi, hadi mwaka 1993 watafiti walipoonyesha kwamba huzipa elektroni molekuli kali na hivyo kuzituliza. Tena, kwa kuwa huyeyuka katika mafuta na katika maji, hupenya utando wa seli na kuingia ubongoni kwa urahisi.

Nchini Thailand, ambako vidonge vya methamfetamini huitwa yaba, maana yake dawa ya wazimu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Mahidol walitumia seli za SH-SY5Y, ambazo asili yake ni uvimbe wa saratani wa mtoto na ambazo hufanana kwa kiasi na seli za dopamini. Seli zilizotiwa methamfetamini peke yake zilikufa kwa wingi kuliko zile zilizotangulia kupewa melatonini.

Hata hivyo, seli za sahanini si binadamu. Panya wa maabara mara nyingi hupewa miligramu 10 za melatonini kwa kila kilo ya uzito. Kwa hesabu ya uzito pekee, mtu wa kilo 60 angehitaji miligramu 600, ilhali vidonge vya usingizi kwa kawaida huwa na miligramu chache tu. Isitoshe, kinga hiyo haifufui seli iliyokufa wala haiondoi uraibu. Tena mtumiaji anayekesha chini ya taa huinyima tezi giza inalolihitaji, na hivyo kumwondoa mlinzi usiku uleule adui anapoingia.