Kijivu ni Kijivu? Ngoja Taa Iwake

Nani alikudanganya kijivu ni rangi moja? Juzi nilisimama dukani hapa Kahawa Sukari na kadi mbili za rangi mkononi, mfukoni pesa za mkebe mmoja tu wa lita 4. Kwa macho yangu zilikuwa pacha.

"Bosi, chagua vizuri," muuzaji akanionya. "Ikishachanganywa hairudi."

Hiki ndicho chumba cha kwanza ninacholipia mwenyewe tangu niache chuo. Mama alikuwa aje Jumapili kukiona, na sikutaka afungue mlango akutane na seli.

Basi nikanunua vikopo viwili vidogo, nikapaka vipande viwili vya katoni mara mbili mbili, nikavibandika ukutani. Asubuhi vilifanana. Saa kumi jua lilipoingia, dirisha langu likitazama magharibi, kimoja kiligeuka chai ya maziwa. Usiku nikawasha balbu: hicho kikarudi kijivu kitulivu, mwenzake akawa buluu kama kliniki.

Siri ni hii: kijivu cha dukani mara nyingi si nyeusi na nyeupe pekee. Ndani mna tone la buluu, kijani, manjano au kahawia, na mwanga ndio hulifichua. Soma balbu yako: 2700K hutoa mwanga wa manjano, 6500K mweupe wa kuelekea buluu. Yangu ni 6500K.

Usibebwe pia na video za Ulaya zinazosema chumba kinachotazama kaskazini hakipati jua. Sisi tuko kusini kidogo tu mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana hupita kaskazini, Desemba hupita kusini. Kwetu, angalia kwanza mashariki na magharibi.

Halafu jiulize: wewe huwa kwa nyumba saa ngapi? Mimi mchana niko mtaani nikitafuta, usiku ndio naandika. Nikachukua kile cha chai.

Mama alifika Jumapili, jua likiwa dirishani. Akazungusha macho.

"Kumbe umepaka kahawia?"

"Ni kijivu, mama. Ngoja taa iwake."

Nilidhani ataaga mapema, kama kawaida yake. Akavua viatu, akaitisha kikombe cha pili, akangoja.