Jani Tamu na Mbegu ya Kubahatisha

Wahenga walinena: mwana hutazama kisogo cha nina. Stevia, jani tamu la Waguarani wa Paraguay, lakataa methali hiyo. Mmea huu hauzai kwa chavua yake wenyewe, basi mbegu zake huzaa ndugu wasiofanana: huyu ana rebaudiosidi A, utamu safi; yule amejaa steviosidi, iachayo uchungu ulimini. Mtaalamu huotesha miche mingi, hupima majani, hubakiza michache mitamu, yenye majani tele, isiyowahi kuchanua. Hiyo huizidisha kwa vipandikizi, ifanane na mama. Kwetu, jani hili limepata kulimwa Kericho. Ewe mkulima, kabla hujatoa jasho lako, uliza: mche huu nina wake nani?