Mtoto Achague Masomo Gani Baada ya Mwaka wa Nane?

Kila mwaka, siku za kufungua shule zikikaribia, twaona jambo lile lile mjini Lubumbashi. Baba au mama atoka Katuba au Ruashi asubuhi na mapema, mtoto wake akimfuata nyuma, na buletini ya mwaka uliopita imo ndani ya bahasha. Wanasimama mbele ya ukuta wa shule na kusoma maneno yaliyopakwa rangi: Pedagogia, Sayansi, Biashara, Umeme, Mekanika, Ushonaji. Kisha mzazi anauliza swali moja tu: «Nafasi iko wapi?» Akiambiwa nafasi iko katika Pedagogia, mtoto ataingia Pedagogia. Akiambiwa iko katika Biashara, ataingia Biashara. Jioni hiyo nyumba nzima imetulia, kwa maana mtoto amepata shule.

Wasomaji wapenzi, kupata nafasi ni jambo jema, lakini si jambo lote. Siku hiyo mzazi na mtoto wamechagua kitu kikubwa kuliko walivyodhani.

Kisa cha kijana mmoja

Mwaka mmoja alitujia baba mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, pamoja na kijana wake aliyekuwa amepata Diploma ya Serikali kwa alama nzuri. «Mwalimu,» akasema, «huyu mwanangu sasa ataingia chuo kikuu kusoma uhandisi wa madini. Fedha ya kuanzia nimekwisha kuiweka.»

Tulipoitazama diploma, tukaona kwamba kijana alikuwa amesoma Pedagogia. Tukamwuliza ni nani aliyemchagulia masomo hayo. Akajibu kwa heshima: «Hakuna aliyenichagulia, Mwalimu. Ndiyo masomo yaliyokuwapo katika shule ya karibu na nyumbani.»

Kijana hakuwa mvivu wala mjinga. Wala hapakuwa na sheria iliyomkataza kujaribu, maana mwenye Diploma ya Serikali aweza kubisha mlango wa chuo kikuu, awe amesoma tawi lolote. Alibisha basi, nao mtihani wa kuingilia ukamshinda. Katika hesabu aliulizwa mambo ambayo wenzake wa Sayansi walikuwa wameyazoea miaka mingi, na yeye alikuwa ameyaonja tu. Ikambidi akae nyumbani mwaka mzima, akisoma kila jioni katika madaftari ya kuazima. Mwaka wa pili alipita. Siku ile baba yake alitushukuru, kisha akasema neno ambalo hatujalisahau: «Mwalimu, mwaka huu mzima tumeulipa kwa sababu ya swali moja ambalo hatukuliuliza.»

Kwa ajili ya swali hilo twaandika leo.

Njia ilivyo sasa

Kwa sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014, mtoto wa Kongo husoma kwanza miaka minane ya elimu ya msingi: miaka sita katika shule ya chini, na miwili, yaani wa saba na wa nane, katika sekondari. Baada ya hapo yaanza masomo ya humanite, miaka minne. Hapo ndipo mtoto, mara nyingi mwenye umri wa miaka kumi na minne hivi, anapotakiwa kuchagua tawi lake, ambalo wanafunzi huliita opsio.

Matawi ni mengi. Yako ya elimu ya jumla: Pedagogia, Sayansi, Kilatini na Falsafa. Yako ya ufundi: Biashara, ambayo watoto huiita Komersiale, tena Umeme, Mekanika, Ujenzi, Kilimo, Ushonaji na mengineyo. Iko pia njia fupi ya kujifunza kazi ya mikono kwa yule anayetaka kuingia kazini mapema.

Mwisho wa miaka minne waja Mtihani wa Serikali, ulioanzishwa mwaka 1967, na wanafunzi wote wa nchi huufanya. Kuna maswali ya utamaduni wa jumla, ya sayansi, ya lugha, na ya masomo ya opsio yenyewe. Basi alichokichagua mtoto wa miaka kumi na minne, ndicho atakachoulizwa akiwa kijana wa miaka kumi na minane. Na baada ya mtihani, ndicho atakachokwenda nacho mbele ya walimu wa chuo kikuu.

Zamani hapakuwa na kuchagua

Wako wazee wanaosema: «Sisi tulisoma tulichopewa, mbona tuliishi?» Ni kweli, walisoma walichopewa, maana hapakuwa na kingine. Kwa miaka mingi ya ukoloni, Mkongo aliyetaka masomo ya juu alikuwa na mlango mmoja tu, nao ni seminari. Kwa njia hiyo Stefano Kaoze, mtoto wa nchi iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, alipewa upadre mwaka 1917, wa kwanza katika Wakongo wa siku zile. Mlei wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu, Thomas Kanza, aliipata Ubelgiji mwaka 1956, karibu miaka arobaini baadaye.

Chuo Kikuu cha Lovanium kilipofunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, ilibidi wanafunzi wengi waanze kwa masomo ya matayarisho, kwa sababu shule walizotoka hazikuwa zimewafikisha mahali pa kuanzia. Mwaka 1956 mji wetu, uliokuwa ukiitwa Elisabethville, ukapata chuo kikuu chake, ambacho tangu mwaka 1981 chaitwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Hata hivyo, nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada za chuo kikuu hawakufika thelathini.

Mlango mmoja hauhitaji kuchaguliwa. Lakini leo milango ni mingi, na mtoto aliyeachwa peke yake mbele ya milango mingi aweza kupotea kama yule aliyenyimwa mlango.

Krediti ni kitu gani?

Watoto walioingia chuo kikuu siku hizi hurudi nyumbani na neno jipya: krediti. Wazazi wengi hudhani ni deni la fedha. Sivyo. Vyuo vikuu vyetu vimeacha utaratibu wa zamani na kuufuata ule unaoitwa LMD, wa ngazi tatu: lisansi, masta na daktari. Katika utaratibu huo kila somo lina uzito wake, na uzito huo huhesabiwa kwa krediti. Mwaka mmoja una krediti 60. Lisansi, yaani miaka mitatu, ina krediti 180. Krediti iliyokwisha kupatikana haipotei: mwanafunzi huiweka kama mkulima anavyoweka gunia ghalani.

Huko Marekani, tangu miaka ya 1950, mwanafunzi wa sekondari aweza kusoma somo la kiwango cha chuo kikuu akiwa bado shuleni, na akishinda vema katika mtihani wake, vyuo vingi humhesabia krediti. Hivyo huingia chuoni akiwa na gunia moja au mawili ghalani. Jirani zetu nao wana namna zao. Tanzania, mwanafunzi wa kidato cha tano huchukua tahasusi, yaani masomo matatu yanayokwenda pamoja, kama Fizikia, Kemia na Hisabati. Kenya, tangu Januari 2026, wanafunzi wa mwaka wa kumi hugawanyika katika njia tatu: ya sayansi na ufundi, ya elimu ya jamii, na ya sanaa na michezo.

Kwetu hakuna desturi ya kumhesabia mtoto wa humanite krediti za chuo kikuu. Lakini twasema hivi: opsio iliyochaguliwa vema ni krediti isiyoandikwa. Kijana wa Sayansi aingiapo uhandisi, msichana wa Kilimo aingiapo udaktari wa mifugo, kila mmoja anayo ghalani akiba ambayo mwenzake ataitafuta kwa jasho na kwa fedha ya wazazi. Na krediti hii yapatikana kwa ada ile ile ya shule.

Tusidharau tawi lolote

Mtu asituelewe vibaya. Hatusemi kwamba watoto wote waingie Sayansi. Mwenye diploma ya Pedagogia aweza kusimama mara moja mbele ya watoto wa shule ya chini na kuwafundisha kusoma; sisi wenyewe tu walimu, hatuwezi kuidharau kazi hiyo. Anayejua vitabu vya hesabu za biashara hatakosa kazi katika mji wa maduka mengi kama wetu. Na mjini mwetu Wasalesiani, waliofika Kongo mwaka 1911, wameonyesha kwamba ufundi na elimu ni ndugu: Chuo cha Imara chatoa wanafunzi wa vitabu, Salama na Mji wa Vijana watoa mafundi, na jiji lawahitaji wote.

Twasema tu kwamba tawi lipatane na mtoto na mahali anapotaka kufika. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli; lakini kabla ya kushika jembe, mkulima hutazama kwanza shamba lake lafaa mahindi au mihogo.

Tena tusichague kwa kutazama mgodi peke yake. Bei ya shaba ikipanda, kila mzazi ataka mtoto awe fundi wa umeme. Ikishuka, wote wakimbia. Tukumbuke mwaka 2003, Gécamines ilipoanza kuwaachisha wafanyakazi wake zaidi ya 10,000. Wengi wao walijua kazi moja ya mashine moja, na mashine ile iliposimama, nao wakasimama. Elimu ya msingi imara, yaani hesabu, Kifaransa kizuri na mikono iliyozoea kazi, huhama na mtu po pote aendapo.

Na kwa habari ya binti zetu: bado twasikia wakisema kwamba umeme ni wa wavulana na ushonaji ni wa wasichana. Waya hauulizi aliyeushika ni nani. Wauliza kama anajua. Binti anayeshinda hesabu darasani asipelekwe ushonaji kwa sababu ya kanga yake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuandikisha

Mama, baba, kabla hujatoa fedha, tafadhali fanya haya. Kwanza, keti na mtoto wako jioni moja, tazameni pamoja buletini za mwaka wa saba na wa nane. Alama za miaka miwili husema kweli kuliko alama za mtihani mmoja. Mwulize anapenda nini, tena mwache ajibu mpaka mwisho.

Pili, nenda shuleni ukaulize kama opsio ile imekubaliwa na Serikali, na wanafunzi wangapi waliipitia katika Mtihani wa mwaka uliopita. Ukuta hupokea rangi yo yote. Twajua shule ambayo ukuta wake ulitangaza Umeme, na ndani hapakuwa na hata meza moja ya kufanyia kazi; watoto walichora waya ubaoni miaka minne. Kwa hiyo omba kuonyeshwa karakana au chumba cha sayansi. Mkuu wa shule mwema hatakasirika.

Tatu, mtafute kijana mmoja wa mtaa wenu ambaye sasa asoma mahali mwanao anapotaka kufika. Mwulize: «Ulipofika huko, ulikosa nini?» Jibu lake litakufaa kuliko maneno ya watu kumi walio nje.

Na ninyi wanafunzi, msimfuate rafiki katika opsio kama mbuzi afuatavyo mbuzi. Rafiki mtakutana naye jioni. Masomo utakuwa nayo peke yako. Ikiwa umekwisha kuingia tawi lisilokufaa, usikate tamaa wala usipoteze mwaka kwa kunung'unika. Azima daftari la mwenzako wa tawi jingine, usome ukurasa mmoja kila siku.

Kijana tuliyemtaja hapo juu alifanya hivyo. Madaftari yale aliyoazima aliyarudisha yote kwa wenyewe. Lakini kabla ya kuyarudisha aliyanakili kwa mkono wake, ukurasa kwa ukurasa, akampa mdogo wake aliyekuwa mwaka wa nane.